Valvu, mawe ya redio na mji wa Nakuru

Wiki hii tuziweke seva na programu kando kidogo, tuzungumze juu ya kusikiliza muziki. Nimepata amplifaya mpya ya hedifoni, na si ya kawaida: ni ya valvu. Ni kisanduku cha chuma kinachotosha kiganjani, na juu yake zimesimama valvu mbili za kioo, kila moja ndogo kuliko kidole gumba. Ukiiwasha unangoja karibu nusu dakika. Nyuzi zilizo ndani ya vile vioo zinaanza kuwa nyekundu kama koroboi iliyopunguzwa utambi, kisha sauti inaingia polepole.

Nitawaambia inavyosikika, msiwe na haraka. Kwanza kuna swali linalonisumbua. Valvu ya kukuza sauti ilivumbuliwa mwaka wa 1906, na kufikia miaka ya 1970 transista ilikuwa imeiondoa karibu kila mahali nyumbani. Leo viwanda vya China vinaiuza tena kwa vijana ambao wazazi wao hawakuwahi kuiona. Soma maelezo ya wauzaji na utakuta habari ile ile: sauti yenye joto, utamu wa zamani.

Zamani ya nani? Hapa kwetu Nakuru na Bonde la Ufa la kati, familia nyingi zilipopata redio ya kwanza ilikuwa ya transista, inayotumia mawe. Na mawe yenyewe yalikuwa yakitengenezwa papa hapa mjini. Ukiifuata historia hiyo utaona kwamba jambo lililoamua nani asikilize na nani akose halikuwa ubora wa sauti hata kidogo. Lilikuwa stima.

Valvu ni nini hasa?

Tuanze na mtambo wenyewe. Mwaka wa 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alichukua wazo la balbu ya taa akaongeza kipande cha chuma ndani. Uzi ukipata moto, elektroni zinachomoka na kuruka kwenye ombwe hadi kwenye kile kipande, lakini haziwezi kurudi. Mkondo unapita upande mmoja tu, kama valvu ya maji, na ndiyo asili ya jina. Mwaka wa 1906 Mmarekani Lee de Forest akaweka wavu mdogo wa waya katikati ya hivyo viwili. Volti kidogo sana kwenye wavu iliweza kuzuia au kuachilia mkondo mkubwa. Ishara dhaifu inaingia, nakala yake yenye nguvu inatoka. Hapo ndipo ukuzaji wa sauti kwa njia ya elektroniki ulipozaliwa.

Tatizo liko kwenye ule uzi. Lazima uwe na moto muda wote, hata kama hakuna muziki. Valvu zilizo kwenye amplifaya yangu ni za aina ya 6J1, toleo la Kichina la valvu ya Marekani iitwayo 6AK5, ambayo ilitumika sana kwenye rada na mitambo ya mawasiliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Uzi wa kila moja unataka volti 6.3 na mkondo wa ampia 0.175. Zidisha: wati 1.1 kwa valvu moja, wati 2.2 kwa mbili. Hedifoni za kawaida zinahitaji sehemu ndogo sana ya wati moja ili masikio yatosheke. Kwa hiyo sehemu kubwa ya stima inayoingia kwenye kisanduku hiki inapasha hewa ya chumba.

Kwa sisi wa kompyuta hesabu hii si ngeni. ENIAC, kompyuta iliyoonyeshwa hadharani Marekani mwezi Februari 1946, ilikuwa na valvu karibu 18,000 na ilikula kilowati 150 hivi. Ukiwa na stima ya bure na ya kutosha, valvu ni kitu kizuri. Ukiwa huna, valvu ni mlango uliofungwa.

1928: redio ya wenye mashamba

Sasa tuje nyumbani. Utangazaji wa redio ulianza Kenya mwaka wa 1928, Nairobi, ukiendeshwa na British East African Broadcasting Company. Baadaye shughuli hiyo ilishikwa kwa miaka mingi na kampuni ya Cable and Wireless. Matangazo yalikuwa ya Kiingereza na yalilenga walowezi: habari za London, bei za mazao, muziki wa dansi.

Nakuru ilikuwa mji wao hasa. Reli ilifika hapa mwaka wa 1900, na kuanzia Njoro hadi Molo, Subukia, Naivasha na Gilgil ardhi nzuri ilitengwa kuwa ya Wazungu, katika eneo lililoitwa White Highlands. Katika shamba lililo mbali na nyaya za stima, redio ya valvu iliwezekana kama mwenye shamba alikuwa na jenereta, au betri nzito za asidi kama za gari ambazo zilipaswa kuchajiwa kila mara. Vibarua waliokaa kwenye shamba lilelile hawakuwa na kimojawapo. Redio ilikuwepo, mawimbi yalipita juu ya paa za nyumba zao, lakini hayakuwa yao.

Vita vilipoanza mwaka wa 1939 serikali ya kikoloni iligundua kwamba ilihitaji kusemezana na Waafrika, kwa kuwa vijana wao walikuwa wakipelekwa vitani. Matangazo ya Kiswahili na ya lugha nyingine za nchi yakaanza. Wengi waliyasikia kwa pamoja, penye kipaza sauti cha umma. Hata katika miaka ya 1950 picha ilikuwa bado ni ile ile: gari la serikali lenye sinema na spika linafika sokoni, umati unakusanyika, ujumbe unatolewa, gari linaondoka. Aliyekuwa na amplifaya ndiye aliyeamua watu wasikie nini na saa ngapi.

Santuri iliyofika kabla ya stima

Kulikuwa na njia moja ya kusikiliza isiyohitaji stima, nayo ni gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Spring inakazwa, santuri inazunguka, sindano inatetemesha utando, pembe inatoa sauti. Hakuna waya hata mmoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka magharibi mwa Nakuru, upande wa Kericho. Gramafoni zilifika huko katika nyakati za ukoloni zikiwa na santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933. Wakipsigis walimsikia, wakapenda gitaa lake na ile sauti yake ya kupanda na kushuka, na jina lake likageuka likawa Chemirocha. Mwaka wa 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi akakuta nyimbo zenye jina hilo. Unaojulikana zaidi uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, na katika maelezo ya Tracey Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu swara. Mtu mwenye sauti isiyo na mwili lazima apewe mwili fulani!

Angalia teknolojia ilivyopishana hapo. Rodgers alirekodiwa Marekani kwa maikrofoni na amplifaya za valvu. Santuri zake zikachezwa Kericho kwa nguvu ya spring. Kisha mwaka wa 1950 sauti za wasichana wa Kapkatet zikaingia kwenye mashine ya valvu, maana transista zilikuwa bado hazijatoka maabara kwa maana ya kutumika, na rekodi ikaenda kuhifadhiwa Afrika Kusini. Valvu ilichukua sauti yao, lakini wao hawakuwa na valvu ya kuisikilizia. Ni katika miaka ya 2010 tu ndipo watafiti, wakiwemo watu wa Ketebul Music ya Nairobi, walipozirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis wenyewe.

Hesabu ya mawe 60

Je, haikuwezekana kuendesha redio ya valvu kwa mawe? Iliwezekana, lakini tazama gharama.

Valvu za betri za miaka ya 1940 zilipunguza sana ulaji wa ule uzi. Nyingi zilitumia volti 1.4 na mkondo wa miliampia 50 tu. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ulaji wa uzi wa valvu moja kati ya zangu. Lakini ili elektroni ziruke vizuri, valvu inataka volti nyingi upande wa pili, na redio hizo kwa kawaida zilitaka 90. Jiwe moja la redio lina volti 1.5. Gawanya 90 kwa 1.5 upate 60. Yaani vijiwe 60 vimefungwa mfululizo ndani ya boksi moja zito, na juu yake betri nyingine ya kupasha nyuzi.

Waliojaribu kwa bidii zaidi walikuwa Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Afisa wa habari aitwaye Harry Franklin alizunguka akitafuta kampuni itakayotengeneza redio rahisi kwa Waafrika, na mwaka wa 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikaitoa: redio ya valvu nne, ya mawimbi mafupi, katika kasha la duara la alumini mfano wa sufuria. Ndiyo maana iliitwa Saucepan Special. Iliuzwa pauni 5, ambazo kwa fedha ya Afrika Mashariki ya wakati huo zilikuwa shilingi 100. Betri yake ilikuwa shilingi 25 na ilidumu kama saa 300.

Gawanya tena. Shilingi 25 kwa saa 300 ni senti 8 hivi kila saa, na betri moja tu ilikuwa robo ya bei ya redio yenyewe. Kwa kibarua wa shamba au wa reli hilo halikuwa jambo la kila mwezi. Redio ile ilifanya kazi kubwa, na watu waliipenda, lakini fizikia ya valvu ilikuwa inawapinga. Huwezi kuipa kila nyumba redio wakati kila redio inataka tanuri dogo ndani yake.

Transista, halafu kiwanda

Transista ilizaliwa katika maabara za Bell, Marekani, mwezi Desemba 1947. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka wa 1954. Transista inafanya kazi ile ile ya wavu wa de Forest, lakini ndani ya kipande cha madini, bila ombwe, bila uzi wa kupashwa moto, na kwa volti chache. Badala ya vijiwe 60, vinne vinatosha. Volti sita, redio inaimba, na mawe yanakaa wiki nyingi ukiyatumia kwa uangalifu.

Kwetu mabadiliko hayo yalikutana na mabadiliko mengine. Tarehe 12 Agosti 1963 Jomo Kenyatta alisimama mbele ya walowezi katika ukumbi wa mji wa Nakuru akawaambia kwamba yaliyopita yasamehewe na kwamba mkulima anayetaka kubaki abaki. Miezi minne baadaye nchi ikawa huru. Mwaka wa 1964 shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianza kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana? mwaka wa 1966, na kizazi kizima kikajifunza kupitia yeye kwamba redio inaweza kuzungumza nawe kama jirani.

Halafu mwaka wa 1967 Union Carbide ya Marekani, wenye jina la Eveready, ikaanzisha kampuni yake Kenya, na kiwanda cha mawe kikawa hapa Nakuru. (Eveready hii na ile Ever Ready ya redio ya sufuria zilikuwa kampuni mbili tofauti wakati huo, ingawa asili ya jina ni moja.) Mji uliokuwa makao ya wenye jenereta sasa ukawa mji unaotengeneza stima ya wasio na jenereta, na kuifunga ndani ya kopo.

Jiwe lenyewe ni kitu rahisi na cha ajabu. Kopo la zinki, kijiti cha kaboni katikati, na unga mweusi wa dioksidi ya manganizi uliochanganywa na majimaji ya chumvi. Zinki inaliwa polepole, na katika kuliwa huko elektroni zinatoka. Kila mtu aliyekulia mashambani anajua utaratibu: mawe yakichoka unayaanika juani, au unayang'ata kidogo, na redio inapata pumzi ya taarifa moja zaidi ya habari. Si uchawi. Joto linaharakisha kemia ya ndani, na kuling'ata jiwe kunausogeza ule unga karibu na zinki.

Msidhani ni jambo dogo. Asubuhi ya Jumapili tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi walimchukua Mbotela nyumbani kwake wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye siku hiyo jaribio lilishindwa. Nyumba isiyo na waya wa stima kule Olenguruone au Kuresoi iliweza kuyapata matangazo yale yale na kwa wakati ule ule kama nyumba yenye soketi katika mtaa wa Milimani, mradi mawe yalikuwa hayajaisha. Miaka 30 kabla yake hilo lisingewezekana. Na hata katika sensa ya 2009, nyumba zilizotumia stima kwa taa nchini Kenya zilikuwa kiasi cha asilimia 23 tu. Zilizobaki, kama zilisikiliza redio ya kukaa mezani, nyingi zilisikiliza kwa mawe.

Mahali valvu ilipobaki

Kabla hatujaizika valvu, tuitendee haki. Kuna kazi ambazo transista ilichukua muda mrefu kuziweza, hasa kurusha nguvu kubwa kwa masafa ya juu sana. Mwaka wa 1970 kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa chini ya mlima huo huo unaouona ukitoka Naivasha kwenda Nairobi. Kwa mara ya kwanza simu za Kenya kwenda ng'ambo zilipanda juu hadi kwenye setilaiti. Vituo vya aina hiyo vilirusha ishara zao kwa valvu za pekee, klistroni au valvu za mawimbi safiri. Kwa hiyo wakati mkulima wa Maai Mahiu alikuwa na redio isiyo na valvu hata moja, bakuli kubwa jirani yake lilikuwa likizitegemea. Na kama una maikrowevu jikoni, unayo valvu moja: magnetroni inayopasha chakula ni ya ukoo huo huo.

Haya, inasikikaje?

Nimeisikiliza kwa wiki moja nikitumia hedifoni za ukinzani wa omu 32, chanzo kikiwa simu. Nimecheza benga, rumba, taarab, na bila shaka Chemirocha ya mwaka wa 1950.

Jambo la kwanza ni kwamba inafanya sauti za waimbaji zisogee mbele kidogo. Hilo lina sababu. Valvu haikuzi kwa unyoofu kamili. Inaongeza vitu ambavyo havikuwepo, hasa hamoniki ya pili. Noti ya hezi 220 inatoka ikiwa na kivuli chembamba cha hezi 440, ambayo ni noti ile ile oktava moja juu. Sikio halilalamiki, kwa sababu vivuli hivyo vinapatana na muziki. Kwa hiyo ile "joto la sauti" ni upotoshaji, ila ni upotoshaji wenye adabu.

Pili, nilipoilinganisha na simu peke yake kwa sauti ya kiwango kimoja, tofauti ilikuwa ndogo. Ipo, lakini usitegemee miujiza. Tena katika amplifaya za bei ya chini kama hii valvu inagusa sauti tu. Kazi ya kusukuma hedifoni inafanywa na saketi ndogo ya silikoni iliyo chini yake. Transista iko mle ndani, imenyamaza, inabeba mzigo.

Tatu, valvu ina tabia zake. Ukigonga meza unasikia mlio kama wa kengele kwenye masikio, kwa sababu vile vyuma vya ndani vinatikisika. Ukiweka simu karibu sana, inakoroma. Nakiri kwamba tabia hizi zinanifurahisha, maana zinakumbusha kwamba kuna kitu halisi kinachotembea mle ndani.

Kwa anayetaka kununua, mambo mawili. Amplifaya za valvu tupu zisizo na transfoma ya kutolea sauti zinapatana na hedifoni za ukinzani mkubwa, kama omu 300. Ukizifunga kwenye za omu 32 besi inaweza kulegea. Na zile kubwa zina mamia ya volti ndani, ambazo hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya. Usifungue kama hujui unachokigusa.

Nani anaendelea kutengeneza?

Ninaporudi kwenye historia, kuna jambo moja linaloniumiza kidogo. Valvu, teknolojia iliyoshindwa miaka 50 iliyopita, bado ina viwanda: JJ Electronic kule Slovakia, kimoja Saratov nchini Urusi, vingine China. Vinaishi kwa sababu wapiga gitaa na wapenda muziki duniani wanakubali kulipa. Mwaka wa 2022 Urusi ilipozuia kwa muda kuuzwa nje kwa bidhaa hizo, bei zilitikisika hadi kwa wauzaji wa Marekani.

Kiwanda cha Nakuru hakikupata bahati hiyo. Kampuni iliyokiendesha, ambayo kufikia wakati huo iliitwa Eveready East Africa, iliuza hisa zake kwa umma mwaka wa 2006. Mwaka wa 2014 ikakifunga, ikaamua kuleta mawe kutoka nje badala ya kuyatengeneza. Ililalamikia bidhaa za bei ya chini na za bandia zilizojaa sokoni. Juu ya hayo, mteja mwenyewe alikuwa anahama: simu ilikuwa na redio ndani na tochi juu, taa za sola zilikuwa zinaingia vijijini, na kuanzia 2015 mradi wa Last Mile ukaanza kupeleka nyaya za stima zaidi mashambani.

Kwa mteja hiyo ni habari njema, na sitaki kumlilia mtu anayepata stima. Nguvu inayopasha valvu zangu leo ina uwezekano mkubwa wa kutoka ardhini katika kaunti hii hii: Olkaria ilianza kuzalisha stima ya mvuke mwaka wa 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na Menengai, ulio juu ya mji wetu, ukaanza mwaka wa 2023. Kiasi cha sehemu mbili kati ya tano za stima ya Kenya sasa inatokana na mvuke. Lakini mji ukipoteza kiwanda haupotezi ajira peke yake. Unapoteza watu wanaojua kwa nini unga ule uchanganywe hivi na si vile, na ujuzi huo haupakuliwi kwenye intaneti.

Basi wanaponiuliza kama amplifaya ya valvu inafaa, nasema ndiyo, kama unaipenda na pesa si za karo. Ni kitu kizuri cha kusikiliza na kizuri zaidi cha kutazama usiku. Lakini muuzaji akikwambia kwamba inakurudishia sauti ya zamani zetu, mjibu kwa upole. Zamani ya kwetu ilikuwa redio ya plastiki iliyofungwa kwa mpira, antena iliyounganishwa kwa waya, na mawe manne yaliyotoka Nakuru. Sauti yake ilikwaruza, lakini ilifika hadi nyumba ya mwisho kule juu ambako waya wa stima ulikuwa haujafika.